Jinsi ya Kumpangisha Ibuti la Jauza Chumba Msasani

Dalali wa nini? Jioni ya Desemba shuka Coco Beach, tazama baharini. Nyota nyekundu inayopanda begani kwa kundinyota la Jabari ndiye mpangaji wako, Ibuti la Jauza. Wazungu humwita Betelgeuse. Waarabu walisema yad al-jauza, mkono wa Jauza, jina lao la Jabari. Wanakili wakasoma nukta mbili kama moja, "y" ikawa "b", na kosa likapita hivyo hivyo. Kwa hiyo kitambulisho chake kisikutie shaka. Nani kwetu jina lake halijawahi kukosewa?

Sasa chumba. Lifanye Jua letu punje ya choroko, milimita 4. Ibuti la Jauza ni mpana kuliko Jua mara 700 na ushee, basi kwa kipimo hicho anakaribia mita 3. Kile chumba cha uani cha futi kumi kwa kumi anakijaza ukuta hadi ukuta. Weka choroko katikati: Dunia iko sentimita 43 tu kutoka hapo. Sote, na Mirihi juu yake, tumo tumboni mwa mpangaji. Tena hunenepa na kukonda kila baada ya siku 400 hivi, kwa hiyo kabati lisisogee ukutani.

Sakafu isikutie hofu. Uzito wake ni mara 15 hadi 20 tu wa Jua. Mchote ndoo moja, na ndoo ya hewa ya hapo uani itamzidi uzito maelfu ya mara. (Wakubwa wa namna hiyo nawajua wawili watatu, lakini tuendelee.)

LUKU ya umeme awe na yake, msichangie. Anawaka kama Majua 100,000 hivi, ingawa usoni ana nyuzi 3,300 tu, na Jua lina 5,500. Mwishoni mwa 2019 alififia hadi watu wakaanza kuulizia matanga. Kumbe alikuwa ametema vumbi, likamziba uso. Kufikia Aprili 2020 alikuwa amerudi kung'aa.

Mkataba uwe wa miezi sita sita. Atalipuka, pengine ndani ya miaka 100,000, na mwanga wake utaonekana mchana kweupe, wavuvi wa Msasani wakivuta nyavu. Ila habari zake hutufikia baada ya miaka mia tano na zaidi. Kodi ipokee mbele, taslimu, kabla hujampa funguo.