Heko, Sarufi ya Kiingereza

Kila msimu wa usaili wa ajira za serikali, sarufi ya Kiingereza husemwa vibaya kuliko mkopeshaji. Si haki. Serikali yetu haijapata mtumishi mwingine anayefanya kazi nyingi kiasi hiki bila mshahara, posho wala likizo.

Tazama mzigo wenyewe. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita 130,000. Umati huo ukiupima kwa uwezo wa kazi, utakesha. Sarufi ikiwekwa kwenye mtihani wa mchujo haikeshi. Haili rushwa, haina mjomba wizarani, haiulizi wewe ni Mkurya wa Nyamongo au Mngoreme wa Majimoto. Umeandika "he have"? Rudi nyumbani, salimia wazee.

Tena inalisha watu. Pita stesheneri za Tarime mjini au Mugumu mkeka wa majina unapokaribia kutoka. Pampleti ya "tenses" inatolewa kopi ya kopi ya kopi, hadi mstari wa mwisho wa ukurasa umebaki kivuli, na kila msomaji anaujazia kwa imani yake. Benchini nje amekaa mhitimu wa shahada ya sayansi ya mifugo. Kupe anawajua kwa majina yao ya kisayansi, homa ya mapafu ya ng'ombe anaitambua kwa kusikia kikohozi tu. Lakini leo hayo kayaweka kando, anatikisa kichwa na kunong'ona "go, went, gone". Bila sarufi kijana huyu angekuwa bomani anachanja ng'ombe, na hapo nani angenunua kopi?

Sifa nyingine ni unyenyekevu inaoufundisha. Mtoto wa Kikurya hunyonya pamoja na maziwa lugha ambayo kitenzi chake hutenga yaliyotendeka leo na yaliyotendeka zamani, na sauti ikipanda au kushuka mahali tofauti ndani ya kitenzi hichohicho, wakati wa tendo nao hubadilika. Hayo yote anayamudu kabla hajaanza darasa la kwanza, bila pampleti. Angeweza kujiona bingwa wa nyakati. Ashukuriwe Mwingereza, kwa "present perfect" yake anamkumbusha kijana huyo kwamba hajui lolote.

Lakini heshima kuu iende kwa kauli ya kutendwa. Hii ndiyo nguzo ya utumishi. Mama wa Robanda akiamka, mahindi yake yameliwa na tembo, huandamana na fomu ya kifuta jasho hadi ofisini. Afisa aliyeiva kwenye "has been" hawezi kubabaika mbele yake. "Mama, maombi yako yamepokelewa na yanashughulikiwa." Yamepokelewa na nani? Yanashughulikiwa wapi? Sarufi imeshamstiri mtendaji. Msimu ujao tembo watarudi, na tembo hawajui kauli ya kutendwa: wao hutenda.

Wapinzani hawakosi. Watasema Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alimvusha Shakespeare kwenye Kiswahili tangu 1963 alipochapisha tafsiri ya Julius Caesar, na Kaizari akafa vizuri tu bila kukosa kitu. Watasema mama wa Robanda haji ofisini na Kiingereza, wala ng'ombe wa Sirari hapigwi sindano kwa "past participle". Maneno yao ni ya kweli, ndiyo maana yanaudhi.

Basi tuache mzaha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ruhusa hiyo isiishie kwenye bahasha, iingie na kwenye chumba cha mtihani wa mchujo. Afisa mifugo aulizwe chanjo, afisa wanyamapori aulizwe tembo, kila mmoja kwa lugha atakayomhudumia nayo mwananchi. Kiingereza kibaki sharti kwa kazi zinazokihitaji. Zipo, ila si zote.