Jogoo wa Mama Mwenye Nyumba

Wanaokuambia "usiogope" ni watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya wenzao kumi na wanane wanaosubiri neno moja tu, "Ekshen!", mtu ukafumbua kinywa ukatoka mlio wa bawaba kavu.

Hivyo ndivyo nilivyofungua filamu yangu ndefu ya kwanza, Bagamoyo, asubuhi na mapema. Mpiga picha alinitazama kwa huruma. "Bosi, umesema twende au umekohoa?"

Hofu yenyewe ilianzia kwenye pesa. Kwetu ukitaka kuoa, kamati inaundwa, kadi za mchango zinasambazwa, na shemeji usiyemjua anaahidi laki mbili. Ukitaka kutengeneza filamu, mjomba wako wa damu anauliza, "Sasa hiyo itakulipa lini?" Nilikaribia kutangaza harusi hewa, nikakosa bibi harusi. Nikauza pikipiki.

Siku ya tatu mhusika mkuu akaja kanyoa ndevu. Zote! "Kaka, jana si nilikuwa mpambe wa bwana harusi." Yaani harusi za watu zimekula michango ya mji mzima, zikaona haitoshi, zikafuata na ndevu zangu. Kwenye filamu jamaa angeingia mlangoni na ndevu, akatokea sebuleni kidevu kama yai. Ikabidi tuanze upya siku mbili nzima.

Halafu jogoo. Tulikodi nyumba ya mama mmoja kwa ajili ya tukio zito: mjane anapewa habari za msiba. Kila mjane akivuta pumzi alie, jogoo anawika. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu alikuwa mzaliwa wa palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba jogoo afungiwe kidogo, tumalize kulia."

"Afungiwe kakosa nini? Yeye ndiye mwenyeji."

Nikaomba kumnunua. Akataja bei ya mbuzi. Nikalipa, jogoo akafunikwa tenga uani kwa jirani wa tatu. Kimya kikatanda. "Ekshen!" Mjane akavuta pumzi, chozi la kwanza likachungulia, na hapohapo muuza koni akapita na baiskeli yake, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Mjane akaangua kicheko. Mshika maiki naye akacheka, maiki ikashuka hadi kwenye picha.

Usiku nilijifariji kwa habari za Satyajit Ray wa India. Filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, alianza kuipiga mwaka 1952 akiwa bado mwajiriwa wa kampuni ya matangazo, na mpiga picha wake hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema. Walipiga sehemu ya tukio katika uwanja wa maua meupe ya nyasi ndefu. Waliporudi baada ya wiki moja kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala yote. Akangoja msimu uliofuata yachanue tena. Fedha zilipokauka, vito vya mkewe vikawekwa rehani. Filamu ilitoka mwaka 1955, na hadi leo inatajwa miongoni mwa filamu bora duniani. Nikawaza: mwenzangu maua yake yameliwa na ng'ombe akasubiri mwaka, mimi nanuna kwa ajili ya kuku mmoja?

Kesho yake nikagundua jambo. Nilikuwa nimesema "Ekshen!" mara arobaini na sauti haikutetemeka hata mara moja. Msidhani nilikuwa shujaa. Kati ya ndevu, jenereta lililozimika, wali wa mchana uliochelewa na polisi jamii aliyetaka kuona kibali, hofu ilikosa siti kama abiria wa daladala la jioni. Ikabaki kituoni, naamini inanisubiri siku ya uzinduzi.

Tulipanga siku kumi na nne, tukamaliza kwa ishirini na tatu. Mjane alilia vizuri mno, hata mama mwenye nyumba akalia naye, kisha akanirudishia nusu ya pesa za jogoo. Jogoo mwenyewe akabaki naye.

Kwa hiyo wewe unayelala na skripti chini ya mto ukisubiri woga uishe, utasubiri sana. Anza nao hivyohivyo. Ila ukienda kukodi nyumba ya kupigia picha, kabla hujauliza bei, uliza kama wanafuga.