Hongera, Kompyuta ya Mtumba

Watu wamesifu mengi yasiyostahili. Lucian wa Samosata alimsifu nzi huko nyuma karne ya 2, Erasmus akautungia upumbavu kitabu kizima kilichochapwa mwaka 1511, na sisi kila uchaguzi tunasikia makubwa kuliko hayo. Kwa hiyo sioni haya kuisifu kompyuta kuukuu ya mtumba, yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2, inayofungua emuleta ya PlayStation kwa mbwembwe zote, kisha ikazima mpira ukiwa kwenye nukta ya penalti.

Hapa Ukata, wilayani Mbinga, mashine ya aina hiyo hununuliwa kahawa ikishalipwa. Watoto humwapia baba yao kuwa ni ya masomo. Muuzaji naye huapa kuwa imetoka ofisini Ulaya na haijawahi kuguswa na mtoto. Viapo vyote viwili hubaki vya kweli mpaka inapofika nyumbani, akatokea kijana wa jirani na flashi mfukoni.

Wasioijua huisimanga. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, RAM yake ni MB 32 tu, prosesa yake haikufika hata MHz 300. Iweje kompyuta ya GHz 2, yenye kasi karibu mara saba, iishie kuganda? Wanasahau kuwa kazi iliyopewa siyo kucheza gemu. Imeambiwa ijifanye mashine nyingine nzima: prosesa yake, chipu ya picha, chipu ya sauti, vyote viende sambamba, na kila amri itafsiriwe papo hapo iwe amri inayoeleweka na prosesa ya Intel. Tena matoleo ya sasa ya PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, yanadai SSE4.1, kundi la amri ambalo Core 2 Duo za kwanza za mwaka 2006 hazinalo kabisa. Ukibofya, emuleta haifunguki wala haiombi radhi. Hiyo ndiyo mashine pekee ndani ya nyumba isiyoahidi isichokiweza.

Kijana basi hushuka ngazi moja na kuhamia PPSSPP, emuleta ya PSP, ile PlayStation ya mkononi, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012. Hii ni nyepesi, na ndiyo yenye yale mafaili ya soka yaliyovalishwa jezi za Simba na Yanga. Hapo kompyuta yetu huanza kutoa elimu. Siku moja inasema MSVCP140.dll haipo, na mtoto ambaye hajakanyaga chuo cha ufundi cha VETA Songea anajua kwamba zinatakiwa maktaba za Visual C++. Siku nyingine inatema 0xc000007b, naye anakwambia, bila kuacha kutafuna muhogo, kuwa mafaili ya biti 32 yamechanganyika na ya biti 64. Kompyuta mpya ingemfundisha nini? Kubofya.

Inafundisha pia kuishi na kilichopo. Wamatengo, wenyeji wa huku Mbinga, hawakungoja kupewa tambarare. Walichimba mashimo ya ngolo kwenye miteremko mikali, majani yakafukiwa chini ya matuta, mvua ikatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Ndivyo kijana anavyoulima huu mteremko wake: picha anazishusha hadi ukubwa wa asili wa PSP, 480 kwa 272, anaruhusu fremu moja irukwe, anahama kutoka Vulkan kwenda OpenGL, na kivinjari cha intaneti anakifunga kwa sababu chenyewe kimeshakalia nusu ya RAM. Anabadilisha kitu kimoja, anajaribu, ndipo anagusa kingine. Wakubwa wanaobadilisha vitu kumi kwa mpigo kisha wakauliza kipi kilichosaidia wangepaswa kukaa naye jioni moja.

Na kiangazi kikifika na vumbi lake, mashine inaongeza somo la joto. Feni inanguruma kama lori la makaa ya mawe ya Ngaka likipanda mlima, prosesa inafikia kikomo, kila kitu kinazima ghafla ili chipu isiungue. Mwanafunzi wetu anafungua ubavu, anafagia feni kwa brashi ya rangi, anachomoa RAM na kusugua meno yake ya njano kwa raba ya shuleni, taratibu, mpaka yang'ae. Anairudisha na kuibana hadi isikike ikisema "tak". Inawaka. (Wapo wanaopaka dawa ya meno juu ya prosesa badala ya mafuta yake maalumu. Inasaidia kidogo, halafu inakauka, na joto linarudi na deni.)

Kuhusu amani ya nyumba sijui nianzie wapi. Aliyefungwa manne kwa bila huombea igome, nayo mara nyingi husikia. Hakuna matokeo, hakuna tambo, hakuna ugomvi wa ndugu. Wote wawili wanainama kuitazama skrini ya bluu na wanakuwa upande mmoja. Hata uongo imeupunguza. Zamani kila gemu likikatika tulisingizia jenereta, lakini tangu mwaka 2018, gridi ya Taifa ilipofika Ruvuma kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kisingizio hicho kimekosa nguvu na kompyuta inabeba lawama kiungwana, bila kujibu.

Mwenye nayo, basi, asiipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Aitunzie emuleta ya toleo linaloikubali, kwa kuwa jipya siyo lazima liwe rafiki. BIOS ya PS2, programu ya kuiwasha ambayo emuleta huihitaji, aitoe kwenye PS2 yake mwenyewe, siyo ya kuokota. Gemu lihifadhiwe ndani ya gemu lenyewe, maana hifadhi ya haraka ya emuleta inaweza kukataa kufunguka toleo likibadilika. Na kabla hujagusa kitu chochote ndani ya boksi hilo, tafadhali, chomoa waya ukutani.