Maiki Isiyotunza Siri

Mama mwenyekiti wa kikoba chetu kanipigia simu asubuhi hii kunipongeza kwa wimbo wa mwanangu. Kisha akaniuliza, kwa upole unaochoma kuliko matusi, kama ile sauti ya mzee inayosema "Mwambie mama mwenyekiti baba kasafiri, yuko Morogoro" nayo ni sehemu ya mashairi. Iko ubeti wa pili, karibu na kiitikio. Wimbo umeshaingia kundi la WhatsApp la ukoo, na binamu mmoja anaulizia nauli ya Morogoro siku hizi ni shilingi ngapi.

Nilikuwa sebuleni. Mlango wa chumba cha kijana ulikuwa umefungwa. Nami nilinong'ona!

Tatizo ni kwamba maiki tuliyouziwa Kariakoo ni kondensa. Ndani yake mna utando mwembamba ajabu, mara nyingi umepakwa dhahabu, umekaa jirani kabisa na bamba la metali, na kati yao pana chaji ya umeme. Sauti ikiufikia, utando unatikisika, nafasi baina yake na bamba inapanuka na kusinyaa, na huko kupanuka na kusinyaa ndiko kunakogeuka mawimbi ya umeme. Utando huo haubebi mzigo wowote, kwa hiyo hata paka akipiga miayo uani unayo habari. Maiki ya dainamiki ni kiumbe kingine. Utando wake umegandishwa na koili ya waya inayocheza kwenye sumaku, kwa hiyo ni mzito, na ya mbali hauyapapatikii. Shure SM58 ya majukwaani, iliyopo tangu 1966, ni dainamiki. Hata sauti ya Michael Jackson kwenye Thriller ya 1982 ilirekodiwa kwa dainamiki, Shure SM7, na yule bwana hakukosa hela ya kondensa.

Muuzaji hayo hakuyasema. Alisema, "Mzee, wasanii wote wanatumia hii," akafunga mfuko. Hakusema pia kwamba kondensa ya namna ile inataka volti 48, zinazopita kwenye waya uleule wa sauti. Tulipoichomeka nyumbani ilikaa kimya, tukarudi kwake, naye akatoa kisanduku cha umeme chini ya meza, tayari kimefutwa vumbi.

Stendi iliangukia sufuria ya bamia. Soksi ndefu za mama wa kijana zimekuwa chujio la pumzi.

Kinachonikera hasa ni zile video za mafunzo, zote zinaanza na "ukiwa kwenye chumba tulivu". Chumba kipi? Sisi paa ni bati, ukuta wetu unapakana na baa inayopiga muziki mpaka saa nane usiku, na barua ya malalamiko tuliyoandika wapangaji wote imelala kwenye faili la mtu. Shuleni kwa mwanangu hakuna hata chumba cha muziki. Kijana wa uswahilini anaambiwa kila siku anunue kifaa bora zaidi, ilhali anachonyimwa ni saa moja ya utulivu, na hiyo Kariakoo haiuzwi.

Basi wazazi wenzangu, nunueni dainamiki. Mtoto aimbe mdomo ukiwa karibu na wavu, na ikisikika chini aongeze sauti kwenye mashine ya kurekodia. Na muuzaji aichomeke mbele yenu, muisikie kwa masikio yenu, kabla hamjatoa hata senti.