Kopo Lenye Matundu

Hapa Itumba, wilayani Ileje, hakuna kopo tupu. Kuna kopo linalosubiri kazi. Ndoo ya rangi ikiisha rangi inateka maji, ikipasuka inatunza mahindi, ikitoboka kabisa inageuka bustani. Kopo la Blue Band ni la chumvi, la Africafe ni la sindano na vifungo, na dumu la mafuta ya kula likikatwa katikati kuku wamepata pa kunywea. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma Ujerumani aliponiandikia, "Mjomba, tafuta kopo zuri la bei nafuu, lisiloingiza maji, ukalifiche porini," nilidhani baridi ya kule imeanza kumwingia kichwani.

Kumbe ni mchezo. Wenyewe wanauita geocaching. Mtu anaficha kopo lenye daftari, anatangaza lilipo kwa vipimo vya setilaiti, na wengine wanakuja na simu zao kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako na kulirudisha palepale. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha chenye thamani ileile. Mchezo ulianzia Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Rais Clinton iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na vipimo vilivyokuwa vikikosea hata mita 100 vikanyooka ghafla. Kesho yake Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi ya plastiki. Miongoni mwa vitu alivyoweka ndani ni kopo la maharage. Sisi wa Ileje tunalima maharage, na kuyaficha tunakuelewa vizuri sana. Tusichokielewa ni kuwatangazia watu yalipo.

Shida ikawa chombo. Wamarekani wanapenda maboksi ya chuma ya risasi yaliyomaliza kazi jeshini, maana mfuniko wake una mpira na kibanio. Nikajiona nimeinama kichakani na boksi la risasi, mwendo mfupi tu kutoka Mto Songwe na mpaka wa Malawi, mgambo amesimama nyuma yangu, nami namweleza kwamba ni mchezo. Nikaliacha hilo. Wengine hutumia vile vichupa vinene ambavyo viwanda vya soda huvipuliza kwa joto vikawa chupa kamili. Kiwanda cha soda Itumba hatuna.

Nikaenda Tunduma, ambako plastiki za kila rangi zimepangwa hadi barabarani. Nikaoneshwa kopo la kubana pande nne, lenye mpira kuzunguka mfuniko. Nilipoambiwa bei nikamwuliza muuzaji kama ndani yake kuna chakula.

"Kuna mfuniko, baba," akanijibu.

Nikarudi kwa makopo ya nyumbani. Kipimo ni rahisi: weka tishu ndani, funga, lizamishe kopo kwenye beseni la maji, weka jiwe juu, ulale. Kopo la Blue Band lilikunywa maji hadi shingoni. La Africafe lilijitahidi, lakini ni la bati, na huku kwetu mvua ikianza Novemba haina haraka ya kuondoka. Kufika Aprili ungekuta kutu imejiandikisha daftarini kabla ya watu. Lililonipa matumaini ni kopo la mafuta ya mgando, lile la kuzungusha mfuniko, ambalo mke wangu alikuwa amelipangia mbegu za mchicha. Tuliafikiana. Masharti yake si ya kuandika hapa.

Fundi baiskeli alilitazama, akakata duara kwenye tyubu kuukuu, akalipachika ndani ya mfuniko. "Gasketi," akasema, akarudi kwenye spoku zake. Tishu ikalala majini usiku kucha na kuamka kavu. Ndani nikatia daftari, penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino ukikutana na unyevu hutawanyika, na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja kwenye boksi la viatu. Usikidharau. Baridi ya milima yetu hukaza hewa iliyomo koponi, na mfuniko uliolegea huvuta ukungu wa nje usiku kucha bila tone moja la mvua.

Nikalificha kilimani. Kwa bahati mbaya jirani alikuwa ameniuliza habari za mchezo, nami nikamweleza sheria zote kwa ufasaha. Niliporudi kulikagua, kopo halipo. Mahali pake pana maharage, gao moja, yamepangwa vizuri juu ya jani. Chenye thamani ileile! Siku ya gulio nikaliona kopo langu limejaa pilipili ya kusaga, gasketi inachungulia. Ilinibidi ninunue pilipili yote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Ulaya mchezo unawezekana. Kule kopo likiachwa porini ni takataka, hakuna wa kulitamani. Hapa kopo linaloweza kuzuia mvua linaweza pia kuzuia unyevu usiingie kwenye chumvi, na mwenye chumvi yuko jirani. Mpwa wangu akaniambia kuna aina ya mchezo huo isiyotumia chombo, unakwenda tu kutazama maajabu ya ardhi, na mkoani Songwe tunacho Kimondo cha Mbozi. Wazo zuri. Donge la chuma la tani zaidi ya kumi hakuna atakayelibeba kutilia pilipili. Lakini mimi nilishakuwa na gasketi.

Mara ya pili nikaliosha, nikalificha chini ya mkuyu. Watoto wa kuchunga mbuzi wakaliona, na jioni nikaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kopo lilikuwa uani, limefunguliwa kwa fimbo ndefu. Kando yake, daftari.

"Mwanangu," mzee mmoja akaniuliza, "haya majina mawili ni ya nani?"

"La kwanza langu, mzee. La pili la mpwa wangu."

"Mpwa wako yuko wapi sasa?"

"Hayupo, mzee."

Kukawa kimya. Mama mmoja akajifunga kanga upya.

"Yuko Ujerumani," nikaongeza haraka, nikatoa simu. Ilibidi mpwa apigiwe, aonekane kwenye kioo akiwa mzima na koti lake, ndipo watu wakavuta pumzi. Mwenyekiti akaamua: kuficha ruhusa, ila mwenye eneo aombwe kwanza, na kopo liandikwe ni la nini. Mpwa akacheka hadi simu ikatikisika, kwa kuwa sheria za mchezo huko duniani zinadai vivyo hivyo.

Ulinzi nikaubuni mwenyewe. Kopo zuri nikalitumbukiza ndani ya kopo baya: la rangi, limeliwa na kutu, matundu chini, mfuniko umepinda. Yote mawili nikayarudisha kilimani. Nani atalichukua?

Mvua zilipokolea nikapanda kuangalia. La rangi halipo. La mafuta limekaa peke yake juu ya jiwe, limefungwa barabara, daftari kavu kabisa. Na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mwandiko wa mtu nisiyemjua: "Nimelipata. Nimechukua la nje, natafuta la kuoteshea miche, lazima liwe na matundu. Jina siandiki, nilikuwepo kwenye kikao."