Zumari la Kwapani

Sijui nani aliwaambia watu wa sinema kwamba maiti haiwezi kuzikwa bila zumari la Ayalandi. Mtunzi wa muziki James Horner alilitia kwenye filamu ya Braveheart mwaka 1995, akalirudia kwenye Titanic mwaka 1997, na tangu hapo sisi tunaojifunza zumari hilo, uilleann, hatuna raha. Hapa Dublin nikifungua sanduku tu, mgeni ameshaomba wimbo wa ile meli. Hajaulizwa hata kama anakunywa chai.

Braveheart yenyewe ni kiini macho. Kwenye picha unaonyeshwa zumari la Kiskoti, lile la kuvimbisha mashavu. Masikioni unatiliwa uilleann ya Kiayalandi, na aliyeipiga, Eric Rigler, ni Mmarekani. Uilleann haiguswi na mdomo kabisa. Unakaa kitini, mvukuto umeufunga kwenye kiwiko cha kulia, mfuko uko chini ya mkono wa kushoto. Kulia unapampu, kushoto unabana, na vidole vinahangaika kwenye bomba lenye matundu. Ukitaka sauti ya juu, unaziba mdomo wa bomba kwa paja, unakaza mfuko. Ukikaza mno linapiga yowe, ukilegeza linakoroma. Ukiniona utadhani nimeiba kuku sokoni nikambana kwapani, na kuku mwenyewe hajakubali.

Na hapo nina seti ya wanafunzi tu. Seti kamili ina mabomba mengine matatu ya kuvuma muda wote, na matatu zaidi yenye vitufe vya kubonyezwa kwa kifundo cha mkono, maana vidole vimekwisha. Aliyebuni haya hakuwa na majirani.

Nilimpigia shangazi Tanga, nikamwekea simu karibu asikie.

“Shikamoo shangazi. Unasikia?”

“Marahaba. Nasikia. Nani anaumwa?”

Nikamweleza kuwa ni zumari, ila hewa inatoka kwapani. Akanyamaza. Yeye amekulia kwenye harusi za zumari, anajua zumari ni pumzi ya mtu. “Mwanangu,” akasema, “hicho ndicho kilichokupeleka Ulaya?”

Usiniulize habari za ulimi wa tete unaolifanya bomba lilie. Ni vipande viwili vyembamba vya mwanzi, vina deko kuliko bibi harusi. Mvua ikinyesha vinavimba, nikiwasha kipasha joto vinakauka, na Dublin mvua na baridi hazipishani zamu.

Lakini adui mkubwa ni hiyo miziki ya sinema. Mwalimu wangu, mzee asiyecheka, hunipa ngoma za kienyeji za mbio. Zile ni rafiki wa mwanafunzi: ukiteleza, kosa limeshapita kabla mtu hajageuza shingo. Wimbo wa sinema unakwenda polepole, sauti moja unaishikilia mpaka kiwiko kinatetemeka, na kila kutetemeka kunasikika. Halafu okestra hupenda kupandisha ufunguo katikati ili watu walie vizuri. Bomba langu limetobolewa kwa ufunguo wa D. Wao wakipanda, mimi nabaki chini naziba nusu tundu kwa ncha ya kidole, natafuta sauti ambayo fundi hakuiweka. Ubaya zaidi, wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Hata mtoto wa jirani aligonga ukuta pale pale nilipokosea.

Waayalandi husema mpigaji huchukua miaka 21: 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi, 7 ya kupiga. UNESCO waliuingiza upigaji huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2017, na ninaamini ni kwa kutuonea huruma.

Basi ndugu zangu wa Dublin mlionialika kwenye harusi, nitakuja na zumari langu. Nitapiga ngoma ya Kiayalandi ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeijua. Atakayeomba Titanic, aipige kwenye simu yake.