Mkia wa Panya na Maswali ya Kanuni

Tangu nianze kucheza vita vya mezani sijamwona mtu akiuliza swali la kanuni kwa sababu hajui jibu. Huuliza kwa kuwa analijua, na limeelekea upande wake. Asiyejua hunyamaza, akacheza, akashinda, na hilo ndilo linalowaudhi watu kuliko yote.

Mchezo wetu unaitwa Mordheim. Kwa wasiobahatika kuujua, au waliobahatika kutoujua, ni hivi: kimondo kimeangukia mji, mji umekuwa magofu, na humo ndani magenge yanagombania vipande vya jiwe la ajabu lililotoka mbinguni. Kwa kawaida mchezaji anaanza na vipande 500 vya dhahabu, dhahabu ya kwenye karatasi, anaajiri watu wake na kuwanunulia silaha. Watu wenyewe ni vijisanamu vya kimo cha milimita 28 hivi, magofu ni maboksi na vijiti tulivyovigundisha wenyewe. Ulitoka mwaka 1999, mbunifu wake mkuu akiwa Mfini mmoja, Tuomas Pirinen, na uliuzwa na Games Workshop, ambao makao yao yako hapa hapa Nottingham ninakoishi. Waliacha kuuuza zamani. Kilichobaki ni kitabu, na kitabu hakipokei simu.

Jambo moja linautofautisha na sataranji: aliyekufa leo amekufa, na aliyeumia anarudi wiki ijayo na kilema chake. Ndiyo maana watu wazima wenye mikopo ya nyumba wanaweza kubishana saa nzima juu ya ukuta wa boksi.

Tunakutana Alhamisi usiku kwenye ukumbi wa kanisa wenye birika kubwa la chai na hita inayopasha joto upande mmoja tu. Yuko mzee mmoja mstaafu wa reli, kiongozi wa wawinda-wachawi na mbwa wao, ambaye kitabu chake cha kanuni kimebandikwa vikaratasi vya rangi hadi hakifungiki. Yuko fundi wa vigae, pande la mtu, asiye na maneno, anayeongoza kikosi cha masista wenye nyundo. Yuko kijana wa chuo anayesoma sheria, Mungu atusaidie. Na mimi nina panya.

Katika Mordheim kuna genge la panya wanaotembea kwa miguu miwili. Mtu aliyeishi Dar es Salaam akipewa genge la panya hahitaji kufikiri jina: nililiita Panya Road, kama wale vibaka wa kule. Wazungu waliona ni jina zuri la barabara. Shangazi yangu wa Tanga hakuliona zuri. Alipiga simu ya video siku moja nikiwa na brashi mkononi.

“Baba, hao ni nini?”

“Panya, shangazi.”

“Na unawapaka rangi?”

“Ndiyo, shangazi.”

Akanitazama kwa muda. “Huko baridi imezidi,” akasema, kisha akaomba azungumze na mke wangu.

Mbinu ya panya si siri. Kila aliyecheza nao anaijua, na kila aliyecheza dhidi yao anailaani. Kombeo linauzwa vipande 2 vya dhahabu, upinde ni 10. Kombeo linarusha jiwe hadi inchi 18, na panya asiyesogea, akimpata adui ndani ya inchi 9, anarusha mara mbili. Hesabu hiyo haihitaji chuo: kwa bei ya upinde mmoja panya watano wanapata makombeo. Na kitabu kinawaruhusu panya kufika 20 wakati magenge mengi yanaishia 15. Ukiwatuliza juu ya paa wakasubiri, aliye chini atamkumbuka Abraha na tembo wake.

Ugumu uko kwenye kupima. Ni marufuku kutoa futi kabla ya kutamka. Unamtaja unayemlenga, ndipo unapima, na ukiwa umekadiria vibaya jiwe limepotea. Kuvamia ni vivyo hivyo: unatangaza kwamba mtu wako anamrukia fulani, unapima, na kama hafiki anaishia katikati ya barabara, peke yake, mbele ya watu aliokwisha kuwatukana. Fundi wa vigae hana shida hiyo. Maisha yake yote amekuwa akitazama sakafu za watu, na akisema kwa sauti yake ya chini kwamba ni inchi kumi na moja na nusu, futi inatolewa kwa heshima tu.

Mimi sina jicho lake, ila nina mkono. Bibi yangu alikata vitambaa kwa dhiraa na shibiri, na sote tuliokulia chini ya cherehani yake tulivijua vipimo hivyo kabla ya kuvijua vya shule. Kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, dhiraa, kama inchi 18. Ncha ya gumba hadi ya kidole cha mwisho, shibiri, inchi 9 hivi. Yaani huko walikokaa wakatunga kombeo la panya, walitumia vipimo vya bibi bila kumuomba ruhusa. Basi nikawa naegemea meza. Mtu aliyetoka kazini huegemea meza, si dhambi. Kiwiko kikitua karibu na panya na vidole vikanyooka kumwelekea mbwa wa mzee wa reli, hayo ni majaliwa.

Mzee akafunga kitabu chake, kadiri kilivyokubali kufungwa. “Hivi kanuni inasemaje kuhusu mikono?”

Angalia swali hilo lilivyo zuri. Hakunishutumu. Aliuliza tu, kama anayetafuta elimu, na wakati huo huo mbwa wake watatu walikuwa wamelala chali. Kijana wa sheria akasimama. Kitabu, akasema, kinakataza kupima. Mkono si futi. Lakini chombo chochote chenye urefu unaojulikana chaweza kuwa futi. Kwa hiyo hoja ni kama urefu wa mkono huu unajulikana. Wakaniomba niuweke mezani. Fundi wa vigae akautazama na kutamka: kumi na nane kasoro robo. Wakapima. Kumi na nane kasoro robo.

Hukumu ikatoka kabla chai haijapoa: mkono uliopimwa ni chombo. Tangu siku hiyo nacheza mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Wenzangu wanaegemea meza wapendavyo. Mikono yao haijapimwa, kwa hiyo bado ni mikono.

Kisha kuna suala la kuona. Ili umlenge mtu ni lazima kijisanamu chako kimwone, na ili ujue kinachoona unapiga magoti, unalaza shavu mezani na kufumba jicho moja. Mzee wa reli ana goti bovu, hivyo humtuma kijana akamwonee, na kijana hulipwa kwa biskuti. Shahidi wa namna hii katika mahakama yoyote angekataliwa.

Panya wangu mmoja, Msumari, alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta kimya, kichwa ndani, mabega ndani, kila kitu ndani. Isipokuwa mkia. Mkia wake ni wa chuma laini, mrefu kuliko yeye mwenyewe, na niliupaka waridi kwa uangalifu ambao sasa naujutia, maana ulikuwa unang'aa upande wa pili.

“Namwona,” mzee akasema.

“Unauona mkia.”

“Mkia si wake?”

“Ni wake.”

“Umeungana naye?”

“Kwa gundi.”

Hapo kijana wa sheria alichelewa chai yake kwa furaha. Ikiwa mkia ulikuja peke yake kwenye pakiti na ukagundishwa baadaye, je, ni kiungo au ni pambo? Na kama gundi ndiyo inayofanya kitu kiwe mwili, ukuta nao si umegundishwa? Tukaamua kwa dadu, moja hadi tatu mkia si mwili, nne hadi sita ni mwili. Dadu ikabingirika, ikatoka mezani na kuingia chini ya hita. Likazuka swali jingine, kama dadu ya sakafuni inahesabiwa, na kila mmoja alikuwa tayari kulijibu mara tu atakapojua imelala vipi. Hakuna aliyekubali kuichungulia kwanza. Ya pili ilitoa tano. Msumari akapigwa mshale wa mkia, akafa.

Majuma machache baadaye nikamkuta mbwa wa mzee amejificha nyuma ya pipa, mkia nje. Nikasema kwa adabu zote kwamba namwona. Mzee hakubabaika. Mkia wa panya, akaeleza, humsaidia kushika mizani, hivyo ni kiungo cha kazi. Mkia wa mbwa unaonyesha hisia tu. Kijana wa sheria aliiona hoja hiyo kuwa nzito. Alikuwa amekwisha kula biskuti tatu.

Waliotutangulia walilijua tatizo hili. Reisswitz, afisa wa Prussia aliyewaletea wenzake mchezo wa vita wa ramani mwaka 1824, aliweka mwamuzi: nyinyi mnatoa amri, yeye anasema kilichotokea, basi. H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, alikwenda mbali zaidi katika Little Wars ya mwaka 1913. Mizinga yake midogo ya springi ilirusha risasi kweli kweli, na askari wa kuchezea aliyeanguka alikuwa ameanguka. Isitoshe, kila mtu alipewa muda wa kucheza zamu yake. Nilipendekeza hilo la muda kwenye ukumbi wetu. Tuliujadili muda huo hadi tukafukuzwa ukumbini.

Kiongozi wa Panya Road ni Kipara, muuaji mwepesi, mtu wa mapaa. Kuna mbinu moja tamu: unamrukia adui kutoka juu, hadi inchi 6, na ukitua salama unapiga kwa urahisi na kwa nguvu zaidi. Ila kila inchi 2 za kimo unajaribiwa wepesi wako kwa dadu. Kipara anashindwa kwa sita peke yake. Chini yake alikuwa kuhani wa mzee wa reli, kaipa paa mgongo. Dadu ya kwanza, tatu. Ya pili, mbili. Watu wakaacha chai. Ya tatu, sita, na muuaji wetu akashuka kwa uso mbele ya kuhani, ambaye kwa mujibu wa kanuni hakugeuka hata kutazama. Kijana akauliza kama kuhani angeumia iwapo panya angemwangukia. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyefaidika.

Robo ya genge ikawa imekwisha, na genge likifika hapo hujaribiwa moyo. Dadu mbili, ukivuka kiwango cha kiongozi mnakimbia. Kiongozi alikuwa kalala barabarani. Panya Road wakatawanyika, jambo ambalo hata Polisi Kanda Maalumu ya Dar es Salaam wasingelifanikisha kwa haraka ile.

Lakini baada ya mchezo kila shujaa aliyeanguka hutupiwa dadu mbili, moja ya makumi na moja ya mamoja, ajulikane kilichompata. Kumi na moja hadi kumi na tano ni kaburi. Kipara alipata sitini na nne: makovu ya kutisha. Tangu hapo anatia hofu, na adui anayetaka kumvamia lazima kwanza ajikaze. Mzee aliuchukia uamuzi huo kwa dhati. Makovu ya vita yanatisha, sawa, lakini haya ya kuanguka mwenyewe? Na mbele ya mashahidi? Kitabu hakikutofautisha. Kwa mara ya kwanza nilikiona kitabu kile kina busara.

Kisa cha jicho ndicho hakijafika mwisho. Kijana wa sheria anaongoza mamluki wa Reikland, na kapteni wake, mpiga upinde hodari, alipata thelathini na moja: amepofuka jicho moja, na linachaguliwa kwa dadu. Likawa la kulia. Shabaha yake ikashuka kwa moja. Kitabu kinasema akipofuka na lile lililobaki inabidi astaafu. Kwenye mchezo uliofuata panya wangu wakamwangusha tena, dadu zikatupwa, na amini usiamini, thelathini na moja. Dadu ya kuchagua jicho ikasema: la kulia.

Kimya. Jicho lilelile, lililokwisha kupofuka. Je, shabaha inashuka tena? Mimi niliona ni wazi kwamba inashuka, jeraha ni jeraha. Mzee, ambaye Alhamisi iliyofuata angecheza dhidi ya kijana, aliona ni wazi zaidi. Kijana akasimama na kusema dakika ishirini kwamba mtu hawezi kunyang'anywa asichokuwa nacho. Tukamgeukia fundi wa vigae, ambaye siku ile hakuwa akicheza wala kutarajia kucheza na yeyote kati yetu, na ambaye kwa hiyo ndiye peke yake aliyeweza kuaminiwa. Akamwinua kapteni, akamsogeza kwenye taa, akamgeuza. Jicho lililopakwa kiraka cheusi, akasema, ni la kushoto.

Kijana anasema ni brashi iliteleza. Mzee anasema kilichopakwa rangi kimeandikwa. Alhamisi iliyopita kijana alileta kikosi kipya, washirikina na mapepo, na kiongozi wake kampaka macho matatu.